Tundu Kwenye Moyo, na Ukuta Tunaousahau

Neno "tundu" limekwisha kuwa mwenyeji katika kliniki zetu. Mzazi akielezwa kwamba mwanawe amezaliwa na kasoro ya moyo, jambo la kwanza analolisikia, na mara nyingi ndilo la mwisho analolikumbuka, ni kwamba mtoto "ana tundu kwenye moyo". Redio husema hivyo, magazeti huandika hivyo, na wanaochangisha fedha za matibabu huomba kwa jina hilo. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ni fupi, ni la kweli kwa kiasi chake, na mama aliyechoka kwa safari ya rufaa hulielewa papo hapo. Ugomvi wangu ni na yale ambayo neno hilo huyaacha nje.

Kwa desturi ya lugha yetu, tundu ni kitu cha kuzibwa. Nguo hutiwa kiraka, jahazi linalovuja hutiwa kalafati likarudi baharini. Kutokana na hapo huzaliwa mawazo mawili ambayo kila mhudumu wa afya ameyasikia. La kwanza ni kwamba tundu linaweza kusubiri: la leo litakuwa lile lile mwakani, mavuno yakisha kuuzwa. La pili ni kwamba tundu likishazibwa, shughuli imekwisha, na kadi ya kliniki inaweza kuwekwa chini ya sanduku pamoja na vyeti vya zamani. Mzazi anayefikiri hivyo hana kosa lolote. Amefuata neno tulilompa hadi mwisho wake. Lakini mawazo yote mawili hayapatani na jinsi moyo ulivyojengwa, na hasa na jinsi ukuta wake unavyobadilika wakati kasoro ingalipo.

Kwamba moyo ni msuli si jambo lililojulikana tangu zamani. Katika Ulaya ya karne ya 17 wasomi wengi bado waliuona kuwa tanuri la joto la mwili au makao ya roho. Mwanaanatomia wa Denmark, Niels Stensen, ndiye aliyetangaza mwaka 1664 kwamba moyo ni msuli kama misuli mingine, uliofanywa kwa nyuzi. Inafaa kukumbuka kwamba ni Stensen huyo huyo aliyekuja kueleza, miaka michache baadaye, moyo wa kijusi wenye kasoro ambayo leo tunaiita tetralojia ya Fallot. Macho yaliyotazama nyuzi ndiyo yaliyotazama kasoro. Sisi tumetenganisha mambo hayo: wanafunzi husoma nyuzi katika mwaka wa kwanza, wakakutana na kasoro miaka kadhaa baadaye wakiwa wamekwisha kusahau nyuzi.

Basi tuurudie ukuta huo. Seli za misuli ya moyo zimejipanga katika matabaka yanayobadili mwelekeo kadiri unavyotoka nje kwenda ndani, na katika ventrikali ya kushoto tabaka la kati huzunguka kama mkanda huku ya nje na ya ndani yakipita kimshazari. Kwa hiyo moyo unapopiga haubanwi tu kama ngumi. Hujinyonga kidogo, mithili ya mtu anayekamua nguo iliyolowa, na damu hutoka kwa nguvu kuliko vile ufupi wa kila seli ungeweza kuitoa peke yake. Mpango wa nyuzi ni sehemu ya nguvu. Ukiuharibu mpango, seli zinaweza kuwa hai zote na moyo ukawa dhaifu.

Seli hizo hazishikani zenyewe kwa zenyewe tu. Kila moja imevishwa utando mwembamba wa tishu unganishi, mafungu ya seli yamevishwa utando mwingine, na matabaka yote yamefungwa pamoja kwa utando mkubwa zaidi. Uzi mkuu wa tando hizo ni kolajeni, ile ile iliyo katika kano na ngozi, na ile ile inayofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Katika moyo wenye afya kolajeni ni sehemu ndogo tu ya ujazo wa ukuta, asilimia chache, lakini kazi yake ni kubwa: huzuia seli zisiteleze, hupitisha mvuto kutoka seli hadi seli, na huuzuia moyo usitanuke kupita kiasi damu inapoingia. Wanaoizalisha na kuitengeneza ni fibroblasti, seli ndogo zilizotapakaa kati ya seli za misuli. Nao ni wafanyakazi watiifu mno. Wakipata ishara ya shinikizo, ya uhaba wa oksijeni au ya seli jirani kufa, huongeza kolajeni. Hawajui kwamba kasoro imo njiani kutengenezwa.

Nichukue tetralojia ya Fallot kuwa mfano, kwa sababu ndiyo kasoro ya kawaida zaidi miongoni mwa zile zinazowafanya watoto wabadilike rangi na kuwa wa bluu baada ya umri wa uchanga, na kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri udhaifu wa neno "tundu". Daktari Étienne-Louis Fallot aliieleza huko Marseille mwaka 1888 kuwa mkusanyiko wa mambo manne: tundu katika ukuta unaotenganisha ventrikali mbili, njia nyembamba ya damu kwenda mapafuni, aota inayokaa juu ya tundu hilo kana kwamba imepanda pande zote mbili, na unene wa ukuta wa ventrikali ya kulia. Kwa hakika matatu ya mwanzo yana chanzo kimoja: kipande cha ukuta kinachopaswa kugawa njia mbili za kutokea damu kimesogea mbele wakati moyo unajengwa, katika wiki za mwanzo za mimba. La nne, yaani unene, ndilo tunalolitaja mwisho na kulifikiria kidogo kabisa. Mimi nadhani lilistahili kutajwa kwanza.

Mtoto anapozaliwa, ventrikali zake mbili hukaribiana kwa unene, kwa kuwa tumboni mwa mama ventrikali ya kulia ilikuwa ikisukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa. Mapafu yakishafunguka, mzigo huo huanguka, na katika wiki na miezi inayofuata ukuta wa kulia hubaki mwembamba, hata kwa mtu mzima ukawa wa milimita tatu hadi tano tu. Katika tetralojia mzigo hauanguki. Ventrikali ya kulia huendelea kusukuma dhidi ya njia iliyobana, tena kwa shinikizo lile lile la ventrikali ya kushoto kwa sababu tundu kubwa limeziunganisha. Ukuta hunenepa. Wanaanatomia waliopasua mioyo ya aina hii wamekuta jambo la kushangaza zaidi kuliko unene: ventrikali ya kulia, ambayo kwa kawaida huwa na matabaka mawili, huwa na tabaka la tatu katikati, lenye nyuzi zinazozunguka, kama ilivyo upande wa kushoto. Moyo wenye tetralojia, kwa hiyo, umefumwa kwa namna nyingine, na si haki kuueleza kama moyo wa kawaida uliotobolewa.

Juu ya ufumaji huo huja wakati. Seli zinapozidi kunenepa, mishipa midogo ya damu haiongezeki kwa kasi ile ile; damu yenyewe inayofika ina oksijeni pungufu; baadhi ya seli hufa. Fibroblasti hujaza nafasi. Hapo awali kolajeni huongezeka kati ya seli zilizo hai, ukuta ukawa mgumu kulegea. Baadaye huja makovu yanayoshika mahali pa seli zilizokufa. Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo kiini cha maoni yangu. Unene wa msuli hupungua mzigo ukiondolewa. Hilo tunaliona katika vipimo vya eko baada ya upasuaji. Lakini kovu lililochukua nafasi ya seli halirudi kuwa msuli, kwa sababu uwezo wa seli za moyo kugawanyika hupungua sana baada ya kuzaliwa. Daktari wa upasuaji huweza kuziba tundu la mtoto wa miaka kumi kwa ustadi ule ule anaoutumia kwa mtoto wa miezi sita. Ukuta anaomrudishia si ule ule.

Hii ndiyo sababu mojawapo iliyoufanya umri wa upasuaji ushuke hatua kwa hatua. Mwaka 1944, huko Baltimore, Helen Taussig, Alfred Blalock na Vivien Thomas, fundi wa maabara Mmarekani mweusi ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, waliwapa watoto hawa njia ya kuongeza damu mapafuni bila kugusa ndani ya moyo. Mwaka 1954 Walton Lillehei akafanya matengenezo ya ndani kwa mara ya kwanza, huko Minnesota, mzunguko wa damu wa mtoto ukiwa umeunganishwa na wa mtu mwingine. Tangu hapo mashine za kusaidia moyo na mapafu zimeboreka, na katika nchi zenye uwezo watoto wengi wenye tetralojia sasa hutengenezwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kwetu Afrika Mashariki haiwezekani tena kusema kwamba huduma haipo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imekuwa ikifanya kazi Dar es Salaam tangu 2015, Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, na Nairobi ina hospitali zenye historia ndefu ya upasuaji wa moyo kwa watoto. Safari ya India, iliyokuwa tumaini pekee la familia nyingi, leo ni mojawapo tu ya njia. Vyumba vya upasuaji bado ni vichache, nakiri, na foleni ni ndefu. Lakini mtoto anayeanza foleni akiwa na miaka saba ameshapoteza miaka saba kabla ya foleni kumpotezea hata siku moja. Alipitia wapi miaka hiyo? Alizaliwa kituoni, akapimwa uzito, akachanjwa mara kadhaa, akatibiwa "nimonia" zaidi ya mara moja. Alikuwa mikononi mwetu.

Najua mwenzangu wa wilayani atasema: mazungumzo ya kolajeni ni anasa kwa mahali ambapo hata mashine ya eko haipo. Naliheshimu neno hilo, lakini silikubali. Kumtambua mtoto huyu hakuhitaji eko. Rangi ya bluu kwa ngozi nyeusi haionekani shavuni. Huonekana kwenye ulimi, ufizi na chini ya kucha, na sharti mwangaza uwe mzuri. Mtoto mkubwa anayechuchumaa ghafla katikati ya mchezo hajachoka tu. Anaubana mzunguko wa damu wa miguuni ili damu zaidi ipate kwenda mapafuni, na hakuna aliyemfundisha. Kipimo kidogo cha oksijeni cha kidoleni, ambacho tangu janga la korona kimefika katika vituo vingi, kinaweza kutumika kwa mtoto mchanga baada ya saa 24 tangu kuzaliwa: mkono wa kulia na mguu mmoja. Kipimo kikiwa chini ya 90, ni rufaa bila kungoja. Kikiwa kati ya 90 na 94 kote kuwili, au tofauti ya mkono na mguu ikizidi 3, pima tena baada ya saa moja, na ikiendelea hivyo, mtume mtoto. Tahadhari moja: chombo hicho huelekea kusoma juu kidogo ya ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo namba inayoridhisha isiyashinde macho yako ukiona ulimi wa bluu. Tena baadhi ya watoto wenye tetralojia huzaliwa na rangi nzuri na hubadilika baada ya miezi. Sikiliza moyo kila anapoletwa chanjo.

Kuna jambo jingine linaloponyoka hata kwa waganga wazoefu. Mtoto wa bluu hutengeneza damu nyingi ili kufidia, na himoglobini yake inapaswa kuwa juu. Akija na himoglobini ya 11, karatasi ya maabara haitakuwa na alama ya hatari, lakini mtoto huyo ana upungufu wa damu, mara nyingi kwa kukosa madini ya chuma, na upungufu huo humzidishia yale mashambulizi ya kubadilika rangi ghafla na kuishiwa pumzi. Mama afundishwe tangu siku ya kwanza kwamba shambulizi likija amkunje mtoto magoti kifuani, amtulize, na ampeleke hospitali.

Nisieleweke kwamba kila tundu ni dharura. Matundu madogo katika sehemu ya misuli ya ukuta wa ventrikali hujifunga yenyewe kwa watoto wengi katika miaka ya mwanzo, na mzazi wa mtoto huyo anastahili kuambiwa hivyo kwa sauti ya kumtuliza. Kwa upande mwingine, tundu kubwa lisilobana njia ya mapafu lina hatari ya namna nyingine: damu nyingi huishambulia mishipa ya mapafu, kuta zake nazo zikanenepa na kukakamaa, hata ikafika siku ambayo kulifunga tundu ni hatari kuliko kuliacha. Hapo tena tundu halikubadilika. Ukuta ndio uliobadilika.

Wala nisieleweke kwamba aliyechelewa amekosa. Kijana wa miaka 15, hata mtu mzima wa miaka 30, hupata nafuu kubwa baada ya upasuaji: rangi hurudi, pumzi hurudi, hatari ya jipu la ubongo hupungua. Kama unasoma ukurasa huu nawe ni mgonjwa uliyefanyiwa upasuaji ukiwa mkubwa, faida uliyoipata ni ya kweli. Ninachokuomba ni usiache kliniki.

Hapa ndipo wazo la pili, la "tundu limezibwa", linapoumiza. Ili kuipanua njia ya mapafu, daktari mara nyingi hulazimika kuikata misuli iliyobana na kutia kiraka kinachovuka mahali pa vali. Damu hupita, lakini vali hubaki haifungi vizuri, na sehemu ya damu hurudi nyuma kila pigo. Kwa miaka mingi mtu hahisi lolote. Ventrikali ya kulia hutanuka polepole, makovu ya zamani na yale ya upasuaji yakikaa katikati ya msuli ulio hai kama visiwa, na umeme wa moyo hulazimika kuvizunguka. Mzunguko huo ukipata njia ya kujirudia, moyo huanza kwenda mbio bila mpango, na wapo waliokufa ghafla kwa namna hiyo wakiwa vijana walioonekana wazima. Kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo, kinachopatikana hata katika hospitali nyingi za mikoa, hutoa onyo: wimbi la ventrikali likitanuka hadi milisekunde 180 au zaidi, mgonjwa huyo anahitaji bingwa. Vali inaweza kuwekwa upya, lakini ikiwekwa kabla ventrikali haijatanuka kupita kiasi. Hakuna anayejua wakati huo bila kupimwa.

Nani, basi, anaacha kliniki? Si mtoto wa miaka sita, ambaye mama humleta. Ni kijana wa miaka 17 anayecheza mpira vizuri, aliyehamia mjini, na ambaye faili lake limebaki katika kliniki ya watoto isiyompokea tena. Ni msichana aliyeolewa na ambaye katika kliniki ya wajawazito hakuulizwa kovu la kifuani ni la nini. Wengi waliotengenezwa vizuri hubeba mimba salama, lakini kuta zao zinahitaji kupimwa kabla ya mzigo wa mimba au mapema ndani yake, na mtoto atakayezaliwa anahitaji kusikilizwa moyo kwa makini zaidi, kwa kuwa uwezekano wa kasoro kwake ni asilimia 3 hadi 5, si kasoro moja katika kila watoto mia kama ilivyo kwa watu wote. Napendekeza mkunga awe na swali moja la nyongeza: umewahi kupasuliwa kifua?

Kuhusu lugha, sipendekezi tulifukuze neno "tundu". Napendekeza tuliongezee mwenzake. Badala ya kusema "mtoto ana tundu", tuseme "moyo wa mtoto umejengwa tofauti, kuna tundu, na kuna ukuta unaofanya kazi kupita kiasi, tundu linaweza kungoja, ukuta haungoji". Maneno hayo huchukua nusu dakika. Na siku ya kutoka hospitali, badala ya "amepona", tuseme "moyo wake umetengenezwa", kwa sababu kila mtu anajua kwamba kilichotengenezwa hukaguliwa.

Na tumwandikie. Mgonjwa anayeruhusiwa apewe karatasi yake mwenyewe, kwa Kiswahili, si muhtasari unaobaki katika faili: jina la kasoro, tarehe na aina ya upasuaji, kama kiraka kimevuka vali au la, upana wa wimbi la umeme wa moyo siku ya kuruhusiwa, na mwezi wa kurudi. Chini yake iandikwe kwamba meno yatunzwe, na kwamba moyo kwenda mbio ghafla au kuzimia, hata mara moja, ni sababu ya kuja hospitali siku hiyo hiyo. Karatasi hiyo inaingia katika simu kwa picha moja, na kijana wa miaka 17 hasahau simu yake.